Fundi wa kukata thredi kwenye shafti, Mbeya hadi Njombe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa wenye mashine za kusaga na kukoboa, mashine za kumenya kahawa Mbozi, misumeno ya mbao Mafinga, pawatila za Mbarali, na yeyote ambaye thredi ya shafti yake, yaani meno ya kufungia nati, imeisha.

## Mambo ya kwanza

Kazi hii ni ya fundi yupi hasa?

Ni ya fundi wa kukereza, yule mwenye mashine inayozungusha chuma huku kisu kikikichonga. Fundi wa injini atakufungulia shafti na kukurudishia. Fundi wa kuchomelea atajaza pale palipolika. Hakuna kati yao anayeweza kukata thredi iliyonyooka bila mashine ya kukereza, hata kama ana mkono mzuri wa tupa. Karakana nyingi zina kibao cha "welding" nje, na mashine ya kukereza ikiwepo huwa imekaa ndani kabisa, kwa hiyo uliza, usisome kibao tu.

Nitampata wapi nyanda hizi?

Mbeya mjini anzia maeneo ya SIDO (shirika la viwanda vidogo) Mwanjelwa na Iyunga. Iringa nako kuna SIDO. Vyuo vya VETA vya mikoa yote miwili vina karakana za kufundishia ukerezaji, na Mbeya kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia (MUST). Chuo hakikuchukulii kila kazi ya mtaani, lakini mwalimu wa karakana anajua wanafunzi wake wa zamani wako wapi na yupi kati yao alikuwa makini. Swali hilo moja linakuokolea mizunguko mingi.

Mafinga, waulize wenye misumeno ya mbao wanaovuna msitu wa Sao Hill. Shafti za misumeno hufa mara kwa mara, kwa hiyo wanamjua fundi aliyewahi kuwaharibia na aliyewafaa. Kwa walioko Makambako na Njombe, kama hakuna fundi wa kuaminika karibu, ni afadhali shafti isafiri kwa basi hadi Iringa au Mbeya kuliko kuipeleka kwa mtu wa karibu ili mradi tu ni karibu. Ikisafiri, funga nati juu ya thredi na uzungushie mpira wa tyubu, maana jino moja likigongwa kwenye buti la basi, kazi inarudi mwanzo.

Nibebe nini ninapokwenda?

Shafti yenyewe, nati yake, washa yake, na kile kinachokaa juu yake: puli, beringi au giya. Watu wengi hupeleka shafti peke yake, na hapo ndipo kazi inapoharibika. Fundi hukata thredi kwa kufuata nati, na hukereza kipenyo kwa kufuata beringi. Bila hivyo viwili anakisia.

Kama nati imepotea, nunua mpya kwanza, ndipo uende. Ni rahisi kukata thredi ifuate nati ya dukani kuliko kuzunguka maduka ukitafuta nati ya thredi ya ajabu.

## Kuijua thredi yako

Nitajuaje thredi yangu ni ya aina gani?

Vipimo viwili vinatosha: unene wa shafti juu ya meno, na umbali kutoka jino moja hadi la pili, ambao mafundi wanauita pichi.

Unene pima kwa venia, kile kipimo chenye taya. Usishangae ukipata pungufu kidogo. Bolti ya milimita 20 mara nyingi husoma kati ya 19.6 na 19.95, kwa sababu thredi ya nje hukatwa ndogo kidogo makusudi ili nati iingie.

Pichi pima kwa geji ya thredi, ile yenye majani mengi kama kitana. Kama huna, weka rula juu ya ncha ya jino la kwanza, hesabu nafasi kumi, kisha gawa urefu kwa kumi. Ukipata milimita 25 kwa nafasi kumi, pichi ni 2.5. Kwa thredi za inchi hesabu inageuka: unahesabu meno mangapi yamo ndani ya inchi moja, yaani milimita 25.4. Pima sehemu ambayo nati haikukaa, kwa kuwa meno yaliyobeba mzigo huwa yamevutika na yanadanganya.

Pichi za kawaida za milimita ni hizi (M10 maana yake unene wa milimita 10): M10 ni 1.5, M12 ni 1.75, M16 ni 2, M20 ni 2.5, M24 ni 3, M30 ni 3.5. Shafti nyingi hata hivyo hutumia thredi nyembamba, kwa mfano M20 yenye pichi 1.5 au M24 yenye pichi 2, kwa sababu hazilegei upesi na hazili chuma kingi. Usimwambie fundi "M20" ukaishia hapo.

Mashine yangu ni ya Kiingereza, ya Kihindi au ya Kichina. Ina maana yoyote?

Ina maana kubwa. Pawatila na injini ndogo za Kichina ni milimita. Injini za dizeli za muundo wa Lister, zile za mwendo wa polepole zinazosukuma mashine za unga, zina asili ya Uingereza na zimejaa thredi za inchi za Whitworth, hata zile zilizotengenezwa India kwa kuiga. Matrekta ya Massey Ferguson ya zamani kama 135 yana inchi za mtindo wa Kimarekani, UNC (pichi pana) na UNF (pichi nyembamba).

Whitworth ina meno ya nyuzi 55. Milimita na UNC ni nyuzi 60. Kisu cha nyuzi 60 kikikata thredi ya Whitworth, nati itaingia lakini itashika sehemu ndogo tu ya jino.

Nati inaingia mizunguko miwili au mitatu halafu inakwama. Nilazimishe?

Hapana. Karibu kila mara pichi zimetofautiana. Mfano wa kila siku ni nusu inchi: ya Whitworth ina meno 12 kwa inchi, ya UNC ina 13. Unene ni ule ule, mwanzo zinakubaliana, kisha tofauti inajikusanya na nati inakaza. Ukilazimisha kwa spana ndefu unaua nati na shafti kwa pamoja.

Hatari zaidi ni kinyume chake, nati inayoingia kirahisi mno. Robo tatu inchi ina meno 10 kwa inchi, yaani pichi 2.54, na M20 ya kawaida ina pichi 2.5. Pichi zinakaribia kufanana, ila unene ni milimita 19.05 dhidi ya 20. Nati ya M20 itateleza vizuri juu ya shafti ya robo tatu, utafurahi, utaikaza, na itachomoka mzigo ukija. Nati ikiyumba kushoto na kulia juu ya thredi, pima upya kabla ya kufunga.

Thredi ya kushoto ni nini, na naihitaji lini?

Ni thredi inayokaza ukizungusha nati kinyume na saa. Hutumika pale mzunguko wa mashine ungeifungua nati ya kawaida. Mashine ya kunolea yenye mawe mawili ina nati ya kushoto upande wa kushoto, na misumeno ya duara mingi huwa nayo pia. Kanuni ni kwamba mashine inapoanza kuzunguka, inertia ya jiwe au msumeno (tabia yake ya kubaki nyuma) iwe inaikaza nati, sio kuifungua. Chora mshale wa mzunguko kwa chaki juu ya shafti kabla ya kuipeleka. Fundi ambaye hakuambiwa atakata ya kulia, na hutamlaumu.

## Kumpima fundi

Nimuulize nini kabla ya kumwachia shafti?

Muulize ataishikaje. Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote, na jibu lake linakuonyesha fundi na mbabaishaji.

Chaki ya taya tatu (kishikio cha mashine kinachobana chuma, sio chaki ya kuandikia) ni ya haraka, lakini ikishachakaa inaweza kushika chuma nje ya mhimili bila jicho kugundua. Kwa shafti ambayo tayari ina sehemu za beringi, fundi mzuri atakuambia mojawapo ya haya: ataishika kati ya senta mbili (ncha zinazoingia kwenye vishimo vya miisho ya shafti), au ataiweka kwenye chaki ya taya nne na kuipanga kwa saa ya kupimia (geji yenye mshale inayoonyesha kuyumba) hadi kuyumba kusizidi takribani milimita 0.05. Akisema "naifunga tu naanza", tafuta mwingine, hata kama mashine yake ni mpya na inang'aa. Shafti ya kinu cha nyundo huzunguka kwa kasi kubwa. Thredi iliyopinda inakaza puli kwa upande mmoja, na beringi zinaanza kulia ndani ya siku chache.

Swali la pili: skrubu kuu ya mashine yake, ile inayosogeza kisu wakati wa kukata thredi, ni ya inchi au ya milimita? Mashine nyingi za zamani za Uingereza ni za inchi. Zinaweza kukata thredi za milimita, lakini zinahitaji giya ya kubadilisha yenye meno 127, kwa sababu 127 ni 25.4 mara tano. Wapo wanaotumia giya nyingine zinazokaribia sana, na kwa thredi fupi ya nati haileti shida. Kisha muulize kama ataachia mshiko wa skrubu kuu kati ya mkato na mkato. Kwa kazi ya milimita juu ya mashine ya inchi haachii: anarudisha kwa kugeuza mota, la sivyo kisu kinaingia pasipo mfereji wake na meno yanakatwa mara mbili. Ambaye amewahi kuifanya kazi hiyo atakujibu kabla hujamaliza kuuliza.

La tatu ni la umeme na foleni. Mashine kubwa hutaka umeme wa njia tatu, na mavuno ya mahindi na kahawa, Juni hadi Agosti, ndiyo wakati kila shafti ya nyanda za juu inapoamua kufa. Peleka mapema ukiweza.

Anasema atatumia dai (kifaa kama nati chenye meno ya kukata thredi), sio kisu cha mashine. Ni sawa?

Inategemea. Dai inafaa kwa bolti ndogo, kusafisha meno yaliyogongwa, au kumalizia thredi ambayo kisu kimeshaikata karibu yote. Kuanza na dai ya mkono juu ya shafti tupu ya milimita 20 na zaidi ni kubahatisha: dai hukaa upande, na thredi inatoka imelala kidogo. Nati itaingia. Ila uso wake hautalala sawasawa juu ya washa.

Kama hakuna njia nyingine, dai isukumwe na kichwa cha nyuma cha mashine (kile kinachotazamana na chaki) ili inyooke, ncha ya shafti ichongwe mteremko kwanza, mafuta yawe mengi, na kila nusu mzunguko irudishwe nyuma kidogo kukata vinyweleo vya chuma.

Nitajuaje kazi ni nzuri kabla ya kulipa?

Vua nati, ianze kwa vidole viwili tu, iende hadi mwisho bila spana na bila kuyumba. Zungusha ukisikiliza: sehemu inayokaza halafu inalegea ni dalili ya mikato iliyochezacheza. Meno yawe laini upande wote, yasiwe yamechanika kama chuma kilichokwaruzwa. Michaniko hutokana na kisu butu, mwendo mkali au ukosefu wa mafuta.

Kisha weka puli na washa, kaza nati kwa mkono, na uangalie mwanga kati ya nati na washa. Ukiona mwanga upande mmoja tu, thredi haijanyooka. Irudishe hapo hapo, usiondoke nayo.

Bei hupangwaje?

Kwa muda wa mashine, sio kwa idadi ya meno. Kupanga shafti kwenye taya nne kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko kukata thredi yenyewe, kwa hiyo anayedai bei ndogo sana huenda amepanga kuiruka hatua hiyo. Kubalianeni mapema nani ananunua chuma, na nini kitatokea shafti ikiharibika mikononi mwake. Akikubali kuandika vipimo kwenye karatasi na wote mkabaki na nakala, umepata mtu wa kazi.

## Chuma chenyewe

Meno yameisha kabisa. Nijaze kwa kuchomelea au nichonge shafti mpya?

Kama shafti ni fupi na haina giya iliyochongwa juu yake, chonga mpya. Kujaza kuna faida pale tu shafti ni ngumu kuipata au ina sehemu nyingi zilizo nzima.

Kujaza vizuri kuna utaratibu. Meno ya zamani yakerezwe yote kwanza, kwa maana ukichomelea juu yake unafungia uchafu na matundu chini. Shafti nyingi ni chuma chenye kaboni ya wastani, na hicho kikichomelewa kikiwa baridi hupasuka pembeni mwa weldi. Kipashwe moto kati ya nyuzi joto 150 na 250, vijiti vya kuchomelea viwe vya aina ya 7018 na viwe vikavu. Hili la ukavu wengi hawalijali, na kwa ukungu wa Njombe au Makete pakiti iliyofunguliwa wiki iliyopita tayari imekula unyevu. Mistari ya weldi iende kwa kupishana pande zinazotazamana ili shafti isipinde, kisha ifunikwe kwenye majivu ipoe polepole. Maji hapana. Baada ya hapo ipimwe unyoofu kabla ya kukerezwa.

Nimepata ekseli ya gari kwenye vyuma chakavu. Inafaa?

Inafaa sana, tena mara nyingi ni chuma bora kuliko kinachouzwa kama kipya. Shida ni ngozi yake ya nje, ambayo kiwandani ilitiwa ugumu. Jaribu kwa tupa: ikiteleza bila kula, kisu cha kawaida nacho kitateleza. Ipashwe hadi iwe nyekundu, izikwe kwenye majivu au chokaa usiku kucha, asubuhi itachongeka. Ugumu wa juu unapotea, lakini kwa shafti ya mashine ya unga kiini kilichobaki kinatosha.

Nondo ya ujenzi usiitumie. Haina mviringo wa kweli, na ukishaikereza hadi mbavu ziishe, unabaki na chuma usichokijua nguvu yake.

Shafti mpya imekatika pale pale thredi inapoishia. Kwa nini?

Sababu ya kawaida ni mwisho wa thredi kuachwa na kona kali. Chuma kinachopinda na kunyooka kila mzunguko huanza ufa mahali penye kona, na kona kali kuliko zote ni chini ya jino la mwisho. Dawa ni mfereji wa duara mwishoni mwa thredi, upana wa pichi mbili hadi tatu, kina sawa na chini ya meno, chini yake pawe pa mviringo. Mwambie fundi auweke tangu mwanzo, kwani unamsaidia na yeye kutoa kisu bila kukivunja.

Tazama pia uso uliokatika. Kama una mistari ya mawimbi na sehemu ndogo tu iliyo mbichi, ufa ulianza zamani ukatembea taratibu. Mara nyingi hapo nati ililegea, puli ikawa inacheza. Kama uso wote ni mbichi na wenye chembe, ulikuwa mzigo wa ghafla au chuma kilichokaangwa na weldi.

## Mambo ya pembeni

Nataka thredi ya ndani, kwenye tundu. Nitoboe kwa keekee ya ngapi?

Toa pichi kwenye unene. M8 toboa 6.8, M10 toboa 8.5, M12 toboa 10.2, M16 toboa 14, M20 toboa 17.5. Urefu wa meno yanayoshikana uwe angalau sawa na unene wa bolti kwenye chuma cha kawaida, mara moja na nusu kwenye chuma cha kusubu, mara mbili kwenye alumini.

Thredi za bomba la maji ni hizi hizi?

Hapana. Bomba la nusu inchi lina unene wa nje wa karibu milimita 21 na meno 14 kwa inchi. La inchi moja lina karibu milimita 33 na meno 11. Nusu inchi hiyo ni jina la tundu. Kazi hiyo mpelekee fundi bomba mwenye dai zake.

Shafti ya pampu ni ya stenlesi na nati imegandia. Nini kilitokea?

Stenlesi juu ya stenlesi hushikana kama imechomelewa ikikazwa kavu. Kata nati kwa msumeno, okoa shafti. Ukifunga mpya, paka grisi ya shaba na ukaze polepole, bila mashine ya kukazia.

Shafti ni ndefu kuliko mashine ya fundi.

Mashine nyingi zina kichwa chenye tundu, na shafti inaweza kupita ndani yake ikatokeza nyuma. Pima unene wa shafti yako na tundu hilo kabla ya kusafiri. Sehemu inayotokeza nyuma ishikiliwe, maana ikianza kupiga huku inazunguka, inapinda na inaweza kumvunja mtu mkono.

Fundi huyu huyu anaweza kukata thredi kwenye mtutu wa bunduki ninayoimiliki kwa leseni?

Usimpelekee, na fundi mwenye akili hataipokea. Silaha Tanzania zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kuzitengeneza au kuzibadilisha ni kazi ya mwenye leseni ya ufundi wa silaha. Kuwa na leseni ya kumiliki hakumruhusu mtu wa karakana kuigusa. Anzia polisi, pale silaha yako ilipoandikishwa, uulize ni nani ameruhusiwa.

Kiufundi nako si kazi ya shafti. Shafti hupangwa kwa kufuata uso wa nje. Mtutu hupangwa kwa kufuata tundu la ndani, na mara nyingi tundu halikai katikati kabisa ya mtutu.